Bomoa Chumba, Mchezo Usizime

Kwanza tuelewane kuhusu ukuta. Katika nyumba ya mama mkwe palikuwa na ukuta kati ya chumba chake na chumba cha mkwe wake, lakini ukuta wenyewe haukufika juu. Aliyejenga aliishiwa matofali, au aliishiwa hamu, akaacha nafasi ya kupitisha mkono chini ya dari. Kwenye nafasi hiyo walipita mbu, ikapita harufu ya dawa ya kuchua, na likapita kila neno. Ukikohoa huku, kule unaambiwa pole. Ukipiga simu huku, unajibiwa na kule kabla hata uliyempigia hajapokea.

Mkwe mwenyewe majirani walimwita Bi Harusi. Aliolewa, watu wakala wakashiba, na kabla maua ya mezani hayajanyauka mumewe akasafiri kwenda kufanya kazi nchi ya mbali. Aliahidi kwamba akipata chumba chake mwenyewe atamchukua. Jina likabaki. Mwaka wa kwanza lilikuwa utani mtamu, wa pili likawa utani tu, na huu sasa ni wa tatu. Siku hizi akiitwa barabarani, "Bi Harusi, hujambo!" hujisikia kama mtu aliyesahauliwa stendi na mizigo yake.

Mtaniambia, si ampigie mumewe simu wayamalize? Haya, tuje kwenye simu. Humo ndani aliishi pia wifi yake, dada wa mume. Nasema wifi wa damu, siyo ile ya mtandao, ingawa wote ni wale wale: hujaa pale usipowahitaji. Wifi huyu alikuwa na mtindo wa kusema, "Nipe simu yako nipige picha kidogo, yangu haina chaji." Kesho yake mama mkwe yuko mezani anauliza, "Eti unaumwa mgongo? Mbona mimi hukuniambia?" Na mgongo huo Bi Harusi alikuwa amemwandikia mumewe peke yake. Siku alipoweka neno la siri kwenye simu, nyumba nzima ilinuna. "Mke anayefunga simu, anafunga nini?" aliuliza mama mkwe, tena hakumwuliza yeye, aliliuliza sufuria. Bi Harusi akaifungua simu na mdomo akaufunga. Mume akipiga, inawekwa sauti kubwa, wote wanasikia, wote wanacheka, na anayetaka kulia anasubiri bafuni.

Ndipo ukaja mchezo.

Mume alikuwa mtu wa kompyuta. Aliacha nyumbani mashine yake ya zamani, ambayo aliing'olea Windows kwa sababu ilikuwa nzito, akaiwekea Linux, mfumo mwepesi. Bi Harusi aliitumia kuchapa kazi za watu: kadi za mialiko, mitihani ya shule, barua za maombi. Siku moja mume akasema kwenye sauti kubwa, mbele ya wote, "Kuna programu nimeiweka kwenye mashine, ifungue ukipata nafasi." Akaifungua. Ulikuwa mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya Windows, ila mume alikuwa ameweka katikati programu ya kutafsiri: mchezo unasema kwa lugha yake, mkalimani ananong'oneza kwa Linux, kazi inakwenda. Palitokea kilima kibichi, mbingu ya bluu, na mtu mdogo mwenye kofia amesimama anasubiri: ndiye mumewe, akicheza kwa mtandao kutoka huko mbali. Chini ya kioo pakaandikwa: "Karibu nyumbani, mke wangu."

Nakwambia, alilia. Alilia kwa furaha, kimyakimya, kwa sababu ya ule ukuta.

Tangu hapo, kila alasiri wifi akiwa kazini saluni na mama mkwe amejilaza, Bi Harusi alikaa mbele ya mashine akigonga vitufe. "Mkwe wangu ana kazi nyingi, masikini," mama mkwe aliwaambia wageni. Na kweli kazi ilikuwepo. Walikuwa wanajenga nyumba, tofali kwa tofali, yeye na mumewe. Bi Harusi alitoa sharti moja tu: kuta zifike juu. Wakajenga jiko lenye dirisha. Wakajenga ngazi, na ghorofani wakaweka chumba kidogo ambacho hawakukipa jina, chenye kitanda kidogo. Wifi akiwa karibu, Bi Harusi aliandika, "Wifi ina nguvu leo," wakabaki kuongelea hali ya hewa. Akiondoka, aliandika, "Wifi imekatika," na mtu mwenye kofia akaruka ruka kwa kicheko.

Siku ambayo paa lilikamilika, Bi Harusi aliona huu ndio wakati. Akaandika: "Hivi, kile chumba chako halisi kimefikia wapi? Nataka kuja." Picha ikaganda. Kofia ikaganda hewani. Kioo kikawa cheusi, na ujumbe ukatokea kwamba kumbukumbu ya mashine haitoshi, mchezo umefungwa.

Bahati mbaya, akasema. Mashine kongwe hiyo. Usiku huo mume alipopiga simu, kwenye sauti kubwa, alisema, "Iacheni mashine ikiwaka, nitaingia kwa mbali niitazame." Akaingia, mshale ukatembea wenyewe kwenye kioo, akasema amerekebisha. Kesho yake mchezo ukafa tena, mapema zaidi.

Basi hapo ndipo ilipoanza kazi ya kutafuta ugonjwa, na mgonjwa hakusikia dawa. Zima, washa. Ikafa. Futa mabaki ya zamani. Ikafa. Funga programu nyingine zote. Ikafa. Badilisha mkalimani, weka toleo jipya. Ikafa na mkalimani wake. Tenga nafasi ya akiba kwenye diski, kumbukumbu ikijaa imwagikie huko. Ikafa. Punguza ubora wa picha, akasema mume, na ile mbingu ya bluu ikawa kijivu, vivuli vikaondoka, nyasi zikawa zulia moja la kijani. Ikafa vilevile.

Hatimaye akamwandikia: "Tatizo ni nyumba. Imekuwa kubwa mno. Kila tofali linakula kumbukumbu. Itabidi tubomoe kidogo."

"Nini?"

"Anza na bustani."

Akabomoa bustani. Mchezo ukafa. Akabomoa jiko na dirisha lake. Ukafa. Siku ya ngazi aliomba, "Ngazi tusiiguse, tafadhali," mume akajibu, "Ni kwa muda tu, tutajenga tena." Akaibomoa. Na ngazi ikishaondoka, chumba cha juu ni cha nini? Alikitoa kitanda kidogo kwa mkono wake, kisha sakafu, kisha kuta, polepole kama anabomoa kitu cha kweli. Nyumba ikabaki kuta nne na mlango. Mchezo ukafa.

Mimi ningekuwa pale ningeshaitupa mashine dirishani. Lakini Bi Harusi alikuwa mtu wa kujikaza, na tena alikuwa na haraka. Rafiki yake wa zamani alikuwa sasa mwalimu mkuu wa shule ya bweni, mji mwingine kabisa. Alimtaka akawe karani, na nyumba ya kuishi atapewa. "Nipe jibu kufikia Ijumaa," rafiki alisema, "zaidi ya hapo siwezi kukushikia nafasi." Kama mume anamchukua, shule aiache. Kama hamchukui, aende. Alihitaji neno moja tu, nije au nisije, na neno hilo hakuweza kuliuliza kwenye sauti kubwa, mbele ya mama wa mtu na dada wa mtu. Atasemaje? Amwambie mama mkwe, nimechoka na nyumba yako?

Akajaribu ujanja. Akaingia mchezoni na bila hata salamu akaandika, "Nije au nisije?" Mume akajibu, "Ngoja nimalizie kona hii ya ukuta." Akasubiri. Kofia ikapanda, ikashuka, tofali likawekwa, likatolewa. Kioo cheusi. Siku ya pili: "Ngoja kwanza niangalie paa." Kioo cheusi. Alikuwa anapigwa danadana, na asiyependa kuona haoni.

Jumanne akaibeba mashine kwa fundi. Mama mkwe alimpa baraka zote. "Peleka, mwanangu, usije ukapoteza wateja."

Fundi wa kompyuta alikuwa na kibanda kati ya kinyozi na duka la rangi, mtu wa mizaha, shati lake halijawahi kufungwa kifungo cha tumboni. "Mchezo?" akashangaa. "Dada, mtu mzima na heshima zako!"

"Tengeneza, kaka. Utanicheka baadaye."

"Nitacheka huku natengeneza, bei ni ile ile." Akafungua mashine, akapuliza vumbi, akaongeza kijiti cha pili cha kumbukumbu kando ya kile cha kwanza. "Sasa tumeizidisha mara mbili. Ikijaa na hii, basi mchezo wako unakula kama harusi." Akauwasha, na pembeni ya kioo akaweka mchoro unaoonyesha kumbukumbu inavyopanda. Wakautazama mstari ukipanda taratibu. Kisha, mbali kabisa na juu, ukaanguka, na mchezo ukafa.

Fundi akaacha kucheka. Akauwasha tena. Mstari ukapanda, ukaanguka pale pale.

"Hii sasa siyo kawaida," akasema. "Ukileta sufuria kubwa zaidi, maji bado yanamwagika pale pale, basi sufuria haina kosa. Mashine yako haijashiba, dada. Nafasi ipo tele. Mchezo haufi, unauawa."

"Unauawa na nani?"

Fundi akafungua faili linalouamsha mchezo, akasoma huku midomo ikicheza. "Huyu hapa. Pameandikwa: mchezo ukifikia kiasi hiki, ukatwe. Kikomo. Mtu amekiweka."

"Labda ni kinga," Bi Harusi akasema upesi. Alikuwa bado anamtetea, masikini. "Mume wangu anajua haya mambo. Labda aliogopa mashine isiharibike."

"Wapo wanaoweka kinga, ni kweli. Lakini kinga huiweka mara moja. Huyu amekipunguza. Ona, ana tabia ya wenzetu waandishi wa programu, mstari wa zamani haufuti, anautia alama usifanye kazi, anaandika mpya chini yake. Hiki kilikuwa kikubwa. Hapa kidogo. Hapa kidogo zaidi. Na faili limeguswa mwisho Jumapili mchana."

Jumapili mchana mume alikuwa ameomba mashine iachwe ikiwaka ili aisafishe kwa mbali. Bi Harusi alikuwa amekaa pembeni akimenya vitunguu, akiutazama mshale ukitembea wenyewe, na mwisho alimwandikia, "Asante, mpenzi, najua umechoka."

Jamani! Mtu anakuingilia ndani ya nyumba yako, anaweka kufuli, na wewe unamshukuru kwa kufagia. Ile mara ya kwanza huenda mchezo ulikufa kweli. Lakini aliona jinsi swali lilivyokufa nalo, akaonja, akaona tamu. Na ngazi? Na kile chumba cha juu? Alijua, na bado alimwambia bomoa. Na zile "ngoja" zake zote zilikuwa kungoja kikomo kifike.

"Nikiondoe?" fundi akauliza, taratibu sana safari hii.

"Nionyeshe. Nakiondoa mwenyewe."

Akaonyeshwa. Akaifuta mistari yote, mpya na ile yenye alama, mpaka ukurasa ukabaki safi. Ule mchoro wa kumbukumbu akaomba aachiwe pembeni ya kioo.

Alhamisi alasiri mama mkwe alijilaza, wifi alikuwa kazini. Bi Harusi akaingia. Kilima kikatokea, na mbingu yake ya kijivu, na mtu mwenye kofia kando ya kuta nne.

"Habari ya mchana mke wangu. Umekula?"

"Shule moja inanitaka kazi. Wanataka jibu kesho. Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Nije kwako, au nisije?"

"Duh, hilo kubwa. Ngoja nimalizie kona hii."

Akangoja. Tofali likawekwa. Likatolewa. Likawekwa tena. Pembeni mstari ulipanda, ukafika pale ulipokuwa ukifia, na Bi Harusi akashika ukingo wa meza. Mstari ukapita. Ukaendelea kupanda kidogo, kisha ukatulia, na nafasi kubwa nyeupe ikabaki juu yake.

Mtu mwenye kofia akaacha kujenga. Akasimama muda mrefu. Kisha chini ya kioo pakaandikwa:

"Bado upo?"

Yatazame maneno hayo. Mume hamwulizi mkewe bado upo, katikati ya mazungumzo, ila kama alitegemea kwamba hayupo.

"Nipo," akaandika. "Kile kikomo chako nimekifuta."

Pakaandikwa: "Nani kakwambia?"

Hakuuliza kikomo gani. Hadi dakika ile, pembeni kabisa ya moyo, Bi Harusi alikuwa amemwekea nafasi ya kukana.

"Jibu nililokuuliza."

Maneno yakaja polepole, sentensi baada ya sentensi. "Ukija wewe mama atabaki na nani? Dada unamjua, hata maji ya chai yanamshinda. Hapo uko salama, unakula, unalala. Mimi huku nimeshazoea. Na wala hatujatengana, kila siku tunaonana. Si tuna nyumba yetu hapa?"

Akaitazama nyumba yao. Kuta nne, mlango, hakuna jiko, hakuna ngazi. Mume alikuwa bado anaandika kitu. Bi Harusi hakusubiri. Akausogeza mshale hadi kwenye neno la kufunga, akabonyeza. Tangu ugonjwa ule uanze, hii ilikuwa mara ya kwanza mchezo kufungwa kwa mkono wake.

"Mashine imekufa tena, mwanangu?" sauti ikapita juu ya ukuta.

"Hapana, mama. Nimeifunga mwenyewe."

Angeweza kuishia hapo, akaenda bafuni kama siku zote. Lakini hasira ilikuwa imempanda, na hasira haina adabu ya kuangalia ukuta umefika wapi. Akainua uso kwenye ile nafasi ya juu, akasema kwa sauti yake kamili: "Mama, mwanao hanichukui. Amesema nibaki hapa nikutunze wewe."

Kitanda kikalia upande wa pili, ndara zikakokotwa, na mama mkwe akatokea mlangoni, kanga mkononi, hata hajaifunga kichwani.

"Rudia."

Akarudia, na machozi yakamtoka bila ruhusa.

"Nikutunze mimi?" Mama mkwe alishika kiuno. "Mimi nimemwambia akuchukue tangu mwaka wa kwanza! Nimemwambia, baba, mke hawekwi akiba! Akanijibu wewe ndiye hutaki. Eti umesema huwezi kuniacha mimi mzee. Nikasema loo, huyu mtoto ananionea huruma, au ananifanya kisingizio? Ndiyo maana nakusikiliza mpaka unavyopumua, nijue hasa unataka nini. Na wewe kimya! Kazi kugonga mashine tu!"

"Niliona haya kukwambia, mama. Alisema hajapata chumba."

"Chumba?" Mama mkwe akakaa kitandani kwa Bi Harusi kama mtu aliyekatwa miguu. "Chumba anacho tangu mwaka jana. Picha kanitumia."

Wakatazamana. Miaka yote hiyo mmoja alikuwa akinong'ona na mwingine akitega sikio, na uongo ukapita katikati yao kwa raha zake. Mficha uchi hazai, walisema waliosema, na Bi Harusi alikuwa ameuficha wake mahali ambapo mwenye funguo ni yule yule anayemkimbia. Mama mkwe alifuta uso kwa kanga, na Bi Harusi akaona kwamba naye analia.

"Lete simu," mama mkwe akasema. "Weka sauti kubwa, kama kawaida yetu."

Iliita. Ikapokelewa, na sauti tamu ikajaa chumba. "Shikamoo, mama!"

Mama mkwe hakuitikia. Katika maisha yake yote hakuna mtoto aliyewahi kumwamkia akakosa marahaba, na huyu aliikosa.

"Tupo wote wawili hapa," akasema. "Mkeo kaniambia, nami nimemwambia. Haya, sasa sema."

Zikasikika pumzi. Likasikika gari likipita huko aliko. Kisha simu ikakatika.

Walipiga tena, ikawa imezimwa. Bi Harusi akaiweka mezani kando ya mashine, na akacheka kicheko kifupi kibaya. "Hiyo siyo kumbukumbu, mama," akasema. "Hiyo ni yeye."

Mama mkwe alikaa, akikunja na kukunjua kanga mapajani. Halafu akauliza, "Hiyo shule uliyokuwa ukinong'ona na rafiki yako, wanataka jibu lini?"

"Umesikia?"

"Mwanangu, huu ukuta huu. Lini?"

"Kesho."

"Basi wapigie sasa hivi." Akasimama, akaanza kujifunga kanga kichwani. "Na wifi yako akirudi usiseme neno, nitamwambia mimi. Kesho asubuhi aanze kujifunza kuchemsha maji."